Usitoboe paa bado: bolti za keria na kile zinachokishika

*"Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina Prado ya mwaka 2005 yenye zile reli mbili za kiwandani juu ya paa. Nimechongesha keria ya chuma kwa ajili ya safari za kupanda Lushoto kwa wazee: mabegi, magunia, tairi la pili la akiba na madumu mawili ya dizeli. Nimekwama kwenye kuifunga. Fundi aliyeichonga anataka kutoboa paa matundu manane apitishe bolti moja kwa moja. Mwingine anasema nifunge bolti za U kwenye reli. Muuza duka la vifaa ananiambia nichukue bolti za stenlesi za spana 17, eti ndizo ngumu kuliko zote. Keria yangu ya zamani nilikuwa naikaza nati kila nikirudi safari, na spring washa nilitia zote. Nichukue bolti gani, ngapi, na nitoboe au nisitoboe?"*

Marahaba, ndugu yangu. Usitoboe. Paa likishatobolewa halirudi kama lilivyokuwa, na kwa gari lenye reli za kiwandani huna sababu ya kufika huko. Funga keria kwenye reli kwa vibano sita vya bapa, kila kibano na bolti mbili za spana 13, jumla bolti kumi na mbili. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, maana wote watatu waliokushauri wamekujibu kuhusu bolti, na tatizo lako haliko kwenye bolti.

Chukua bolti ya kawaida ya milimita 8, hiyo hiyo ya spana 13, yenye chapa 8.8 kichwani. Ukiivuta kwa urefu wake inastahimili karibu tani mbili kabla haijaanza kunyooka. Nne kama hizo zingeweza kuning'iniza Prado yako hewani ikiwa imejaa watu, na bado zisingefika kikomo chake. Sasa weka kidole kwenye paa katikati ya reli mbili ukandamize taratibu. Linabonyea. Lile ni bati lenye unene usiofika milimita moja. Kwa hiyo ukipitisha bolti ya tani mbili kwenye bati hilo, kitakachoachia siku ya ajali au siku ya korongo ni bati. Kwenda kwenye bolti ya spana 17 kunaongeza nguvu pale ambapo haikupungua, halafu kunataka tundu kubwa zaidi pale palipo dhaifu.

Gari moja la familia liliwahi kuletwa kwangu baada ya masika, mwenyewe akilalamika kwamba kitambaa cha dari kina madoa ya rangi ya chai. Keria ilikuwa imetobolewa na fundi mwingine, silikoni imejazwa kwa wingi, na kwa juu kila kitu kilionekana safi. Tulipoishusha dari niliona bati limepasuka kuzunguka matundu matatu, nyufa nyembamba zimetoka kwenye tundu kama miguu ya buibui, na silikoni imeachana na chuma upande mmoja. Paa hucheza kila gari linapopita tuta. Mahali panapocheza pakiwa na tundu lililobanwa kwa washa ndogo, bati hujikunja pale pale kwenye ukingo wa washa maelfu ya mara, hadi linachoka. Silikoni haizuii uchovu wa chuma. Inachelewesha maji tu.

Kuna sababu nyingine nzito kuliko maji. Angalia plastiki za nguzo za ndani, pembeni mwa viti. Ukiona maandishi SRS AIRBAG yamechorwa juu juu, basi gari lako lina eabegi za pazia, zile zinazoshuka kufunika vioo vya pembeni. Zimekunjwa ndani ya ukingo wa paa, juu kidogo ya milango, na ukingo huo ndio fundi mwenye drili huupenda kwa sababu ni mgumu. Keekee ikiingia hapo unaweza kutoboa mfuko ambao siku ya kuuhitaji utapasuka badala ya kujaa. Hata bila eabegi, nyaya za taa za ndani na spika hupita huko.

Sasa hii habari ya stenlesi, maana naisikia kila wiki. Stenlesi ya kawaida ya madukani ina chapa A2-70. Hiyo 70 ina maana chuma chake hukatika kwenye mkazo wa megapaskali 700 (kipimo cha nguvu kwa eneo), na huanza kunyooka kwenye 450. Bolti ya 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kunyooka kwenye 640. Kwa hiyo stenlesi ya kawaida ni laini kuliko 8.8. Sifa yake ni kutopata kutu upesi, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni sifa kubwa, kwa sababu upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa. Muuza duka hakukosea kukuonyesha stenlesi. Amekosea sababu, na amekosea saizi.

Ukipata zenye chapa A4, chukua hizo. Zimechanganywa na molibdenamu, na ndizo zinazostahimili chumvi ya pwani. A2 itapata madoa ya kahawia baada ya muda, lakini haitakuangusha kwenye kazi hii. Usipopata zote mbili, chukua 8.8 zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile zenye rangi ya kijivu iliyofifia na ngozi ya kukwaruza kidogo. Nunua na nati zake zilizochovywa vilevile, kwa sababu tabaka la zinki ni nene na nati ya kawaida haiingii. Zile zinazong'aa rangi ya fedha au dhahabu zina zinki nyembamba mno. Karibu na bahari hazichukui muda kuanza kutoa machozi ya kutu. Na bolti isiyo na chapa yoyote kichwani iache dukani, hata kama ni ya bei ya kutupa, kwa sababu huwezi kujua ni chuma gani.

Nirudi kwenye jambo ambalo naona ndilo lililokuumiza muda mrefu: kulegea kwa nati. Umeniambia ulitia spring washa zote, zile pete zilizokatwa na kupindwa, na bado kila ukirudi ulikuta nati zimelegea. Hukufanya uzembe. Uliamini kitu ambacho karibu mafundi wote tulifundishwa. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua nati ni kuteleza kwa pembeni kwa vile vitu viwili vilivyobanwa. Kutikisika kwa juu na chini hakuna nguvu hiyo. Vitu vikiteleza kushoto na kulia, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, msuguano kwenye nyuzi za bolti unapotea kwa kitambo kidogo, na nati inarudi nyuma nywele moja. Barabara ya rasta inafanya hivyo mara nyingi kwa kila sekunde. Ile spring washa, nati ikishakazwa vizuri, hulala bapa na kuwa washa ya kawaida. Haina nguvu ya kushindana na mtelezo huo.

Kwa hiyo dawa ni kuzuia mtelezo, na kinachozuia mtelezo ni mbano: kibano kishike reli kwa nguvu na kwa eneo kubwa, na mbano huo usipungue. Hapo ndipo nakuuliza, kati ya chuma na reli ulikuwa umeweka nini? Nakisia ni mpira wa tyubu, umekunjwa mara mbili au tatu. Karibu kila keria ninayoifungua nakuta huo. Mpira laini hautulii. Unaukaza leo, kesho umejisukuma pembeni na kuwa mwembamba, na mbano umeisha ingawa nati haijazunguka hata kidogo. Ukifungua kibano cha namna hiyo utakuta unga mwekundu mwembamba kama ugoro umejaa kwenye kona, na reli imeng'aa sehemu moja kama sarafu. Ule unga ni chuma kilichosagwa na mtelezo. Ukiuona, jua keria ilikuwa inatembea safari nzima.

Weka mpira mgumu na mwembamba, milimita 2 au 3 tu, tabaka moja bila kukunja. Kazi yake ni kulinda reli isikwaruzwe na kutenganisha chuma na alumini. Usiuwekee tumaini la kujaza pengo. Kama kibano hakikai sawa kwenye reli mpaka kijazwe mpira, basi hakikuchongwa kwa reli hiyo, kirudishe kikakunjwe upya.

Sasa bolti za U. Sizipendi kwenye reli ya alumini. Bolti ya U ni fimbo ya duara inayogusa reli kwenye mstari mwembamba, na reli ni bomba lenye ukuta mwembamba. Ukikaza vizuri unaiminya. Ukiogopa kuiminya hukazi vizuri, inateleza, na tunarudi kule kule kwenye unga mwekundu. Mwambie fundi wako akuchongee vibano vya bapa vya vipande viwili, kimoja juu ya reli na kimoja chini, kwa bamba la milimita 4 au 5, upana usiopungua sentimita 5 ukifuata urefu wa reli, vikunjwe kufuata umbo la reli yenyewe. Akichukua kipande cha kadibodi akakibonyeza kwenye reli na kukikata mpaka kikae, atakuwa na kielelezo kizuri kuliko kupima kwa futi. Vibano vitatu kila upande. Viweke jirani na miguu ya reli, pale inapogusa paa, siyo katikati inapoelea, kwa sababu miguuni ndipo chini yake pana chuma kilichoongezwa na kiwanda kwa ajili ya kubeba.

Kabla ya yote hayo, shika reli zenyewe kwa mikono miwili uzitikise. Gari lina miaka zaidi ya kumi na tano barabarani. Vua vifuniko vya plastiki vya miguuni uangalie bolti zilizoishika reli. Zikiwa zimelia kutu au reli inacheza, hakuna kibano duniani kitakachokusaidia juu yake.

Iko njia nyingine ambayo fundi makini anaweza kuifanya: kuzivua reli kabisa na kufunga miguu ya keria kwenye sehemu zilezile za kiwandani. Ni imara, na keria inakaa chini zaidi, jambo zuri kwenye kona. Lakini miguu lazima ikae sawasawa na paa bila kulazimishwa, raba za kuzuia maji ziwe mpya, na bolti ziwe za uzi ule ule. Bolti mbili za milimita 8 zinaweza kufanana machoni huku uzi wa moja ni 1.25 na wa nyingine 1.0. Kipimo ni vidole: bolti sahihi huingia mizunguko mitano au sita bila spana. Ikigoma mapema, itoe. Na ikiwa ndefu kupita kiasi itagonga mwisho kabla ya kubana. Utahisi imekaza, kumbe imekaza hewa. Kwa hali yako, yenye keria iliyokwisha kuchongwa, vibano vya reli vinatosha.

Kuhusu kukaza, bolti ya milimita 8 ya chuma kwa chuma huchukua nyutoni-mita 20 hadi 25. Kwa stenlesi au kwenye reli ya alumini shuka hadi 10 au 15. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, tumia spana fupi ya 13 kwa mkono mmoja, ukiikamata karibu na katikati, na usiongezee bomba. Tumia nati zenye pete ya nailoni. Nazo hazizuii mtelezo, lakini mbano ukipungua haziruhusu nati idondoke barabarani. Hakikisha uzi umetokeza japo mizunguko miwili juu ya nailoni, na ukizifungua tupa, weka mpya. Stenlesi usiikaze kavu wala kwa mashine: nyuzi zake huumana zikashikana moja kwa moja, na hapo utaikata kwa msumeno. Ipake grisi kidogo. Grisi hiyo hiyo itapunguza ugomvi wa stenlesi na alumini kwenye maji ya chumvi, maana alumini ndiyo huliwa. Washa pana kila upande. Spring washa waweza kuziacha dukani.

Nimeacha la uzito mwisho kwa sababu najua hutalipenda. Keria ya mraba wa inchi moja wenye ukuta wa milimita 2 ina karibu kilo moja na nusu kwa kila mita. Ya ukubwa wa paa la Prado, ikiwa na vyuma vya katikati, hula mita 24 kwa urahisi, yaani kilo 35 tupu. Tairi na ringi yake ni karibu kilo 30. Dizeli ya lita 20 ni kama kilo 17, mara mbili 34. Tumefika kilo 99 kabla hata begi moja halijapanda. Magari ya namna hii mara nyingi huruhusiwa kati ya kilo 75 na 100 juu ya paa likiwa linatembea, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Kiasi halisi cha gari lako kimeandikwa kwenye kitabu chake. Kama kilikuja cha Kijapani, piga picha ukurasa kwa simu utafsiriwe. Kikomo hicho hakipandi kwa kuongeza bolti. Kati ya paa, reli na keria, kinachobeba kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Niruhusu nikupunguzie mzigo. Prado yako tayari ina tairi la akiba mlango wa nyuma, na tanki lake linabeba lita zaidi ya 80. Kwenda Lushoto hakufiki hata kilomita 200, na Korogwe utapata mafuta. Acha tairi la pili na madumu nyumbani. Hapo umerudisha kilo 64 kwa ajili ya mabegi. Magunia weka ndani, chini, nyuma ya viti, yafungwe. Kile kipande cha Mombo kwenda juu, kama kilomita 33 za kona juu ya kona, ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kuwa na uzito kichwani. Kila kilo iliyo juu ya paa inaliinamisha gari nje ya kona kuliko kilo iliyo sakafuni, na ukifunga breki ghafla wakati wa kushuka, mzigo wa kilo 50 unaisukuma keria mbele kwa nguvu ya karibu kilo 40.

Upepo nao usiusahau ukiwa tambarare. Ubao wa mita moja kwa moja ukisimama mbele ya upepo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 50. Kwa mwendo wa kilomita 50 ni robo yake tu. Ndiyo maana godoro au turubai lililofungwa vizuri mjini linaweza kuinuka barabara kuu. Mbele pafungwe chini zaidi ya nyuma, na mikanda ipite chini ya vyuma vya keria na kuzunguka mzigo wote. Isinaswe kwenye ndoano tu.

Yapo mambo ambayo hayamalizwi kwa maandishi, mtu lazima aone kwa macho. Kama dari ina unyevu au madoa, kama kuna ufa wa rangi kuzunguka miguu ya reli, au kama gari lina kioo cha paa, mpelekee fundi bodi kabla hujafunga kitu. Vilevile pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya paa na kwenye kingo zake. Mahali isiposhika, chini ya rangi pana pati ya kujazia mabonde, na hiyo ni dalili kwamba gari liliwahi kupinduka au kugongwa na kunyooshwa. Paa la namna hiyo nisingelipandishia keria ya chuma kabisa. Na kama fundi anasisitiza kutoboa, mwombe akuonyeshe kwanza eabegi zimepita wapi. Asipoweza kukuonyesha, drili isiwashwe.

Ukishafunga, chora mstari mmoja kwa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye kibano, kwa zote kumi na mbili. Safari ya kwanza simama Segera, panda kwenye ngazi ya mlango uangalie mistari. Ikiwa imeachana, nati imezunguka. Ikiwa bado imenyooka lakini spana inakaza zaidi, ni mpira umekaa, na hilo ni la kawaida mara ya kwanza. Angalia tena Mombo kabla hujaanza kupanda. Kama kufika hapo hakuna mstari ulioachana na spana haiendi tena, endelea. Kama kibano kimoja bado kinakubali kukazwa, mzigo wa juu uteremshie hapo Mombo, upande na gari tupu kichwani, na ukirudi Tanga kibano hicho kikachongwe upya.